Leteni Uvumi Wenu Darasani

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa walimu na wazazi wa shule za sekondari hapa Dodoma. Naiweka yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeitwa hapa kujibu swali. Wazazi mmeniuliza kwa njia nyingi, wengine kwa upole na wengine kwa hasira, na wote nawaelewa. Kwa nini mwalimu wa historia anawaruhusu watoto wetu wazungumzie Freemason, mumiani na chanjo za kuua uzazi ndani ya darasa? Muhtasari wa somo hauna mambo hayo. Mtihani wa taifa hauulizi habari za mumiani. Sasa kwa nini?

Nitajibu bila kuzunguka. Watoto wetu wanazo habari hizo tayari. Wanazo kwenye simu, wanazo bwenini taa zikishazimwa, wanazo kwenye daladala, wanazo kijiweni. Mahali pekee wasipozitamka ni mbele ya mtu mzima anayeweza kuwasaidia kuzipima. Mimi nataka pawepo mahali hapo, na nataka pawe darasani.

Na ipo sababu nyingine. Kijana wa miaka 14, 15, 16 ameanza kushuku. Anashuku wazazi, anashuku walimu, anashuku serikali, anashuku kila tangazo la redioni. Wengi wetu tunaiona hali hiyo kuwa ni utovu wa adabu. Mimi naiona ni mali. Ila kijana huyu anashuku upande mmoja tu! Anamshuku daktari, lakini hamshuku mtu asiyejulikana aliyerekodi sauti akisema "nina rafiki yangu anafanya kazi wizarani." Anakishuku kitabu, lakini haishuku video. Kazi yetu si kumwondolea shaka. Kazi yetu ni kumfundisha aielekeze pande zote, na aanze na lile dai analolipenda kuliko yote.

Wazee wetu wana msemo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanafunzi wangu wanautumia msemo huu kama ushahidi mahakamani. Naomba tuone unatufikisha wapi.

Oktoba 2016, hapa hapa mkoani kwetu, wilayani Chamwino, katika kijiji cha Iringa Mvumi, waliingia watu watatu kwa gari. Walikuwa watafiti wawili wa kilimo na dereva wao, kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha. Walikuja kuchukua sampuli za udongo ili mkulima wa pale ajue ardhi yake inahitaji nini. Maneno yakaruka: ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika. Watafiti wale na dereva wao wakauawa kikatili, na gari lao likateketezwa kwa moto.

Ndugu zangu, waliofanya vile hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa wakulima, wazazi, watu wanaolala na kuamka kama sisi. Hadithi waliyoiamini ilikuwa na umri mkubwa kuliko wao wote. Tangu enzi za ukoloni, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka Dar es Salaam hadi Kampala, watu walisimuliana kwamba kuna watu wanakamatwa usiku na kutolewa damu. Sisi tukasema mumiani, wengine wakasema wazimamoto, wenzetu wa Congo wakasema mutumbula. Mwaka 2017 hadithi hiyo hiyo iliwaka Malawi. Watu waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Sasa nawauliza. Siku ile Iringa Mvumi, ni wangapi waliokuwa na shaka mioyoni lakini hawakuwa na swali la kuuliza? Maana shaka bila swali haimwokoi mtu.

Kisa hiki nimekifundisha kidato cha tatu. Mezani niliweka koleo, mifuko ya plastiki yenye udongo, kalamu ya wino mzito, daftari, na karatasi za kubandika majina. Nikawaambia: hivi ndivyo vitu vya mtu anayechukua sampuli za udongo. Sasa njooni mmoja mmoja, mwandike ubaoni vitu vya mumiani. Wakaandika sindano, mipira ya kupitishia damu, chupa. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na friji?" Nikamuuliza friji ya nini. Akasema kwenye somo la baiolojia walifundishwa kwamba damu ya kuongezewa mgonjwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na lazima ijulikane ni ya kundi gani. Mwingine akadakia: Oktoba Dodoma jua linachoma, damu ndani ya gari itafika mjini ikiwa nini? Mwingine tena: nani ataipokea, hospitali gani, na ataiandika wapi kwenye vitabu vyake? Ubao ulijaa. Upande wa mumiani ulihitaji friji, maabara, mnunuzi, daktari, mhasibu na watu kadhaa wa kunyamaza maisha yao yote. Upande wa pili ulihitaji koleo.

Sikuwaambia waache kuamini mumiani. Niliwauliza tu: kama dai hili ni kweli, ni nini kingine ambacho lazima tungekiona? Swali hilo moja lingefika kijijini siku ile, likatoka mdomoni mwa kijana mmoja anayeheshimiwa, pengine watu wangesogelea mifuko ile na kuifungua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo walimu wengi tunalikwepa. Kuna njama za kweli. Tukiwaambia watoto kwamba kila anayesema kuna njama ni mjinga, tutakuwa tumewadanganya, na siku wakigundua hawatatusikiliza tena katika lolote.

Mwaka 1932, huko Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, wataalamu wa afya wa serikali walianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, maskini, wengi wao wakulima. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ikaja, ikajulikana inatibu kaswende, nao hawakupewa. Waliachwa wapofuke, waugue, wafe, ili ionekane ugonjwa unafanya nini mwilini. Miaka 40! Ilikoma mwaka 1972, na Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake mwaka 1997.

Na karibu nasi zaidi. Mwaka 1996, Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto. Watoto wapatao 200 waliingizwa katika jaribio hilo, nusu wakapewa dawa hiyo mpya, nusu dawa nyingine, na 11 kati yao walifariki. Wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba watoto wao wako kwenye majaribio. Kesi zikafunguliwa, na mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Wazazi wangu, sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo pagumu. Mwaka 2003, Kano hiyo hiyo ilisimamisha chanjo ya polio. Viongozi walisema chanjo imetiwa dawa ya kuwafanya watoto wa kike wagumba. Je, watu wale walikuwa wajinga? Walikuwa na kumbukumbu. Walijua kilichotokea 1996. Lakini kumbukumbu ya kweli iliwafikisha kwenye hitimisho ambalo halikuwa la kweli, na walioumia ni watoto. Polio ilienea upya ndani ya Nigeria na kuvuka hadi nchi ambazo zilikuwa zimeshaimaliza.

Walirudije? Hawakurudi kwa kutukanwa. Chanjo ilipimwa tena mbele ya watu waliowaamini, na mwaka 2004 zikaletwa chanjo zilizotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Kazi ikaendelea. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio, na Nigeria ndiyo ilikuwa nchi ya mwisho.

Visa hivi navifundisha pamoja, sivitenganishi. Nawaambia wanafunzi: linganisheni njama za kweli. Tuskegee ilijulikanaje? Mtumishi wa ndani, Peter Buxtun, alilalamika kwa wakubwa wake hawakusikia, akampelekea habari mwandishi wa habari, na mwandishi mwenzake, Jean Heller, akaichapisha. Kulikuwa na majina, tarehe, majalada, wagonjwa waliosimama wakasema. Njama ya kweli ina makaratasi na ina watu. Ina mipaka pia: inamhusu fulani, mahali fulani, kwa faida fulani. Zile za kubuni hazina mipaka. Ukikosa ushahidi, unaambiwa umefichwa. Ukileta ushahidi wa kuzipinga, unaambiwa na wewe ni mmoja wao. Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu anayeleta dai lazima ajibu swali moja kabla hatujaanza: ni kitu gani, ukikiona, kitakufanya ubadili mawazo? Akisema "hakuna", tunakaa naye hapo hapo, hatuendi mbele. Swali hili nalipenda kuliko yote ninayofundisha, na naomba hata sisi watu wazima tuulizane, kwa mambo ya siasa na ya dawa tunazonunua.

Kuna kisa kingine ambacho vijana hawakisahau. Wangapi hapa mmewahi kusikia kwamba Ukimwi ulitengenezwa na Wamarekani maabara? Nyoosheni mikono. Naam, ni karibu wote. Mimi pia niliusikia nikiwa shuleni.

Niliwapa wanafunzi kazi moja: tafuteni maneno haya yalianza kuchapishwa lini na wapi. Njia inaanzia Delhi, India, Julai 1983, kwenye gazeti lililoitwa Patriot, katika barua isiyo na jina la mwandishi. Baadaye, mwaka 1985, gazeti moja la Moscow likayarudia, yakatafsiriwa, yakazunguka dunia, magazeti ya Afrika yakiwemo. Na nyuma yake ilikuwa idara ya ujasusi ya Kisovieti, KGB, wakati wa Vita Baridi. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba idara yao ndiyo iliyoueneza uvumi huo.

Mnaona? Njama ilikuwepo. Njama ilikuwa ni uvumi wenyewe.

Halafu wanafunzi wakafanya hesabu. Uhandisi wa kukata na kuunganisha vinasaba ulianza miaka ya 1970. Sampuli ya damu yenye virusi vya Ukimwi iliyochukuliwa Kinshasa ni ya mwaka 1959. Wanasayansi wamefuatilia ukoo wa virusi hivi hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kuenea kwake miongoni mwa watu wa Kinshasa hadi mapema katika karne ya 20. Kitu kilichokuwepo 1959 kitatengenezwaje kwa ufundi wa miaka ya 1970? Kijana mmoja mbishi sana, anayepinga kila ninachosema, aliandika miaka ile miwili kwenye daftari lake, akapiga mstari chini, akakaa kimya, halafu akaniuliza: "Sasa mwalimu, kwa nini walituchagua sisi kutudanganya?" Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Tulilijadili kipindi kizima kilichofuata. Tukakumbuka kwamba wakati barua ile inachapwa Delhi, wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walikuwa wanatambuliwa Kagera, na watu wa kule walihitaji habari sahihi kuliko chakula.

Kuhusu Freemason sitakaa sana. Msanii akinunua gari, ni Freemason. Msanii akifariki, ametolewa kafara. Kenya, mwaka 1994, Rais Moi aliunda hata tume ya kuchunguza ibada za shetani, na shule zilikuwa sehemu kubwa ya hofu ile. Hapa kwetu marehemu Sir Andy Chande alikuwa kiongozi wa Freemason na alijitambulisha hadharani miaka mingi. Jengo lao lipo Dar es Salaam, Sokoine Drive, lina jina ukutani. Mimi simfundishi mtoto aipende jumuiya hiyo wala aichukie. Imani ya nyumbani kwako ni yako. Namuuliza jambo moja tu: yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme, "jiunge Freemason upate utajiri", yenye namba ya simu chini, nani anakula pesa hapo? Chama cha siri kinachotawala dunia kitakuombaje elfu hamsini ya fomu? Kijana akishaona hilo, haraka anaunganisha na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anaanza kutafuta mfuko unaojazwa.

Sasa wengine mnajiuliza kama njia hii inafanya kazi kweli, au ni shauku ya mwalimu mmoja. Majirani zetu Uganda wamepima jambo linalofanana na hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, shule za msingi 120 za kanda ya kati zilihusishwa, watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilipewa vitabu vya katuni vya kufundisha namna ya kupima madai ya tiba: eti dawa fulani inaponya kwa sababu bibi alipona, eti dawa mpya lazima iwe bora. Nusu ziliendelea kama kawaida. Kwenye mtihani, watoto 69 kati ya kila 100 waliofundishwa walifaulu. Wasiofundishwa, 27. Hao ni watoto wa shule ya msingi! Baadaye wakaendelea na sekondari, Kenya na Rwanda zikaingia. Somo lao lilikuwa madai ya afya, halikuwa njama, lakini misuli inayotumika ni ile ile.

Yupo pia mwanasaikolojia wa Marekani, William McGuire, aliyeonyesha miaka ya 1960 kwamba mtu akikutanishwa mapema na hoja dhaifu, akajifunza kuijibu, huwa mgumu kuyumbishwa hoja kali ikija. Watafiti wa Cambridge wakatengeneza mchezo wa kompyuta ambamo kijana anajifanya yeye ndiye msambaza uongo, ili azijue mbinu. Sisi hatuna kompyuta za kutosha, lakini tuna chaki. Niliwaambia kidato cha pili: buni njama kuhusu shule yetu, iwe na ushahidi, na isimtaje mtu. Kundi moja likathibitisha kwamba maharage hupikwa siku ya kabla ya jaribio ili wanafunzi wasinzie. Walikuwa na tarehe za majaribio matano, na kabla ya kila jaribio kulikuwa na maharage. Darasa zima likashtuka. Wengine wakaanza kukumbuka jinsi walivyosinzia. Ndipo nikauliza: na siku ambazo hakuna jaribio, mlikula nini? Maharage. Tunakula maharage kila siku. Hakuna aliyeambiwa maana ya kuchagua ushahidi unaokufaa. Waliiona kwa macho yao.

Walimu wenzangu, mkitaka kuifanya kazi hii naomba mshike mambo machache. Uvumi ukifunguliwa darasani, umalizwe ndani ya kipindi hicho hicho. Ukiuacha nusu, umeusambaza. Usimcheke mtoto anayeuamini, kwa sababu mara nyingi ameupata kwa mama yake, na ukimcheka umemcheka mama. Na kwangu hii ni sheria isiyovunjwa: darasani hatumtaji jirani, hatumtaji bibi wa mtaani, hatumtaji mtu yeyote aliye hai anayeweza kurudi nyumbani akakuta watu wamemsubiri. Tumeona Kanda ya Ziwa vikongwe wakiuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia familia zao.

Tena kuna hatari ya upande wa pili. Kijana anaweza kutoka hapa akiwa hamwamini yeyote, akadhani huo ndio werevu. Ndiyo maana kila muhula tunachukua pia dai lililo kweli, tunalipima kwa maswali yale yale, na tunaandika ubaoni: hili limesimama. Lazima aone mambo yanayosimama.

Wazazi, sasa ni zamu yenu. Wiki ijayo mwanao wa kidato cha pili atakuja na karatasi. Ina nafasi ya uvumi mmoja uliousikia ukiwa na umri wake, nani alikuambia, na kama uliwahi kukutana na mtu aliyeona kwa macho yake. Naomba ukae naye uijaze, hata kama ni usiku umechoka. Usiandike jina la mtu. Karatasi zirudi Ijumaa. Na zile sauti za kwenye makundi ya WhatsApp, kabla hujamtumia mtu, mpe kwanza huyo mtoto asikilize, muulize angeanza na swali gani.

Mkuu wa shule, ombi langu kwako nimeliandika: vipindi viwili vinavyofuatana kila mwezi, na mwalimu wa baiolojia awe pamoja nami, kwa sababu bila swali lile la friji tusingefika popote. Mzazi anayetaka kuja kukaa na kusikiliza, karibu, tutakutengea kiti.

Nimemaliza. Naona mikono imeshanyooshwa. Naanza na mama pale mbele, halafu wanafunzi wawili kutoka mstari wa nyuma.